Mambo ya Michezo: Uwanja ni wa Mwenye Kuufagia

Siku ya Jumapili, tarehe 20 Oktoba 2024, mji wa Kwale ulipokea wageni wengi kupita desturi yake. Ilikuwa Siku ya Mashujaa, na sherehe ya taifa zima ilifanywa katika Uwanja wa Kwale. Rais William Ruto alikuwapo, majeshi yakapita kwa gwaride, na watu wa Diani, Msambweni, Kinango na Lungalunga wakapata kuona nyumbani kwao jambo ambalo zamani waliliona katika picha tu. Tangu mwaka 2016 sikukuu kubwa za Kenya zimekuwa zikitembezwa katika kaunti mbalimbali badala ya kukaa Nairobi daima, na mwaka huo zamu ilikuwa ya Pwani Kusini.

Jioni ya siku kama hiyo mahema hukunjwa, magari hurudi yalikotoka, na vumbi hutua. Hapo ndipo swali kubwa linapoanza. Uwanja uliopambwa kwa ajili ya siku moja utafanya kazi gani siku zile nyingine mia tatu na sitini na nne? Nani atakata nyasi zake? Nani atakuwa na ufunguo wa lango, naye atalifungua kwa ajili ya nani?

Swali hili si la watu wa michezo peke yao. Mkulima wa Kinango analo, kwa sababu fedha zilizojenga ni za umma. Karani wa Msambweni analo, kwa sababu mwanawe apenda kukimbia. Basi yafaa kulitafutia jibu kwa utaratibu, tena yafaa kutazama kwa majirani waliotangulia katika kazi hiyo, ili mafanikio yao yaigwe na makosa yao yaepukwe.

Neno la Kale

Neno uwanja ni la kale kuliko mpira. Kabla ya mchezo wa mpira wa miguu kufika pwani, nyumba ya Mswahili au ya Mdigo ilikuwa na uwanja wake, yaani mahali peupe mbele ya mlango. Hapo nafaka zilianikwa, wageni walikaribishwa, maneno ya posa na ya msiba yalisemwa, watoto walicheza, na usiku wa mbalamwezi ngoma ilipigwa. Kazi hizo zote zilifanyika mahali pamoja, wala hapakuwa na mtu aliyeona ajabu. Na kila alfajiri mtu mmoja wa nyumba hiyo alitoka na ufagio.

Uwanja wa michezo wa siku hizi ni ndugu wa uwanja huo. Nao ni wa kazi nyingi: mpira, riadha, gwaride, ibada za sikukuu, mikutano ya wakubwa na maonyesho ya shule. Tofauti ni kwamba uwanja wa nyumba una mwenyewe ajulikanaye, na uwanja wa umma ni wa kila mtu. Kitu cha kila mtu mara nyingi hukosa mtu wa kukifagia.

Mnazi Mmoja

Jirani anayefaa kutazamwa ni mji wa Unguja. Wengi hudhani kwamba Nairobi ndiyo iliyo karibu zaidi na Kwale, kwa kuwa barabara na reli zaelekea huko. Lakini mtu akichukua ramani na kupima kwa mstari ulionyoka, ataona kwamba kutoka Kwale mpaka mji wa Unguja ni kama kilomita 220, na kutoka Kwale mpaka Nairobi ni zaidi ya 400. Wavuvi wa Shimoni na Vanga hawahitaji ramani kulijua jambo hili. Isitoshe, mji wa Unguja ni mji wa kadiri, ambao si mkubwa kama Dar es Salaam wala Nairobi, na kwa hiyo mambo yake yaweza kulinganishwa na ya kwetu pasipo kujidanganya.

Katika zamani za ulinzi wa Waingereza, ulioanza mwaka 1890 na kuisha mwaka 1963, mahali pa michezo palikuwa Mnazi Mmoja, uwanda ulio baina ya Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo. Wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza visiwani kujifunza kandanda, na kutoka kwao na kwa wafanyakazi wa makampuni mchezo ukaenea mitaani. Vilabu vikaundwa. Klabu ya Malindi, ambayo jina lake wajulikana hata bara, ilianzishwa mwaka 1942.

Mwaka 1949 Zanzibar ikaingia katika mashindano ya Kombe la Gossage. Mashindano hayo yalianza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, yakapewa jina la kampuni ya sabuni iliyotoa kombe, na Tanganyika ikaingia mwaka 1945. Hayo ndiyo mzazi wa Kombe la CECAFA la siku za baadaye. Timu ya visiwa viwili vidogo ikapambana na nchi kubwa za bara, na mwaka 1995 ikalitwaa kombe hilo la CECAFA. Lakini Mnazi Mmoja palikuwa uwanda tu. Palifaa sana kwa vijana wa mitaa, ila hapakuwa na majukwaa ya kuwakalisha maelfu ya watu, wala njia ya kukimbilia iliyopimwa barabara.

Uwanja wa Amaan

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali mpya ya Zanzibar chini ya Mzee Abeid Amani Karume ilipata msaada mwingi kutoka China. Tunda moja la urafiki huo likawa Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970. Wahesabiwa kuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza kabisa ambavyo Wachina walisaidia kujenga barani Afrika. Baadaye walisaidia vingine vingi, na Kasarani ya Nairobi, iliyokuwa tayari mwaka 1987 kwa Michezo ya Afrika Nzima, ni mmojawapo.

Amaan ulijengwa kuchukua watu kama 15,000. Katikati pana kiwanja cha mpira, na kukizunguka pana njia ya riadha. Yapasa kueleza kidogo maana ya mpango huo, kwa sababu ndio mpango wa viwanja vingi vya kazi nyingi, na kila mji unaojenga hulazimika kuuamua.

Kiwanja cha mpira cha mashindano ya mataifa huwa na urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Njia ya riadha ya ndani kabisa huwa na mzunguko wa mita 400. Vipimo hivyo viwili hupatana vizuri, cha kwanza kikakaa ndani ya cha pili kama sinia ndani ya ungo. Faida yake ni kwamba mji hupata viwanja viwili kwa gharama ya ardhi moja. Hasara yake ni kwamba mtazamaji wa mpira hukaa mbali na mchezo, kwa kuwa kati yake na mstari wa pembeni pana vichochoro sita au vinane vya wakimbiaji. Mji mkubwa waweza kujenga uwanja wa mpira mtupu na mwingine wa riadha. Mji wa kadiri hauwezi, na Unguja walichagua kwa busara: afadhali mtazamaji aone mbali kidogo kuliko mkimbiaji akose pa kukimbilia.

Zaidi ya michezo, Amaan umekuwa kama sebule ya taifa la visiwani. Sherehe za Mapinduzi zimefanywa hapo mara nyingi, na kila Januari vilabu vya visiwani na wageni wao wamezoea kushindania Kombe la Mapinduzi. Tarehe 2 Novemba 2020 Dkt. Hussein Ali Mwinyi aliapishwa kuwa Rais wa Zanzibar katika uwanja huo huo. Kwa hiyo mtoto wa Unguja aliyekwenda Amaan kutazama mpira, na baba yake aliyekwenda kutazama kiapo, wote wawili wausema kuwa uwanja wao.

Kuzeeka na Kurekebishwa

Lakini jengo ni kama mtu, huzeeka. Chumvi ya bahari hula chuma, jua hupasua rangi, na mvua ya masika hupenya palipo na ufa. Uwanja uliofunguliwa mwaka 1970 haukuweza kubaki kama ulivyokuwa. Ukafanyiwa matengenezo makubwa karibu na mwaka 2010, tena kwa msaada wa China. Haukuishia hapo. Mwaka 2023 ulifungwa ukafanyiwa kazi kubwa kupita ile ya kwanza, na mwezi Desemba mwaka huo huo ukafunguliwa tena kwa jina la New Amaan Complex. Januari 2024 miaka 60 ya Mapinduzi ikasherehekewa humo.

Jambo la kuangaliwa hapa ni muda. Kazi ya mwaka 2023 ilikuwa na siku yake ya kwisha, na siku hiyo haikuwa ya kuahirishwa, maana sikukuu ya miaka 60 haingojei fundi. Uwanja ulifungwa na kufunguliwa katika mwaka mmoja. Tarakimu za fedha husahauliwa upesi, bali watu hukumbuka sana kama lango lilifunguliwa siku ile iliyoahidiwa.

Matunda yake yakaonekana kabla ya miaka miwili kupita. Mwaka 2025 klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Desturi ya Simba ni kucheza katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, wenye nafasi ya watu 60,000. Lakini mwezi Machi mwaka huo Shirikisho la Mpira la Afrika lilikuwa limeusimamisha uwanja huo kwa sababu ya hali mbaya ya nyasi. Ukaruhusiwa tena kwa muda, kisha mechi kubwa zikahamishiwa Unguja. Nusu fainali dhidi ya Stellenbosch ya Afrika Kusini ikachezwa Amaan. Na tarehe 25 Mei 2025 mechi ya pili ya fainali, Simba na RS Berkane ya Morocco, ikachezwa Amaan pia. Matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, na Berkane wakachukua kombe kwa sababu nyumbani kwao walikuwa wameshinda mawili bila.

Hapa pana funzo zito. Uwanja wa watu 60,000 ulipitwa na uwanja ambao hauifikii hata theluthi ya nafasi zake, na sababu yake ilikuwa nyasi. Majukwaa yalikuwa imara, taa zilikuwapo, na barabara zilikuwa pana, lakini kile kitu cha chini kabisa, kinachokanyagwa na kila mtu, ndicho kilichoamua.

Miezi mitatu baadaye, Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa wenyeji wa mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, yaani CHAN. Mechi zote zilizochezwa katika ardhi ya Kenya zilikuwa Nairobi. Unguja ikapokea Senegal, Nigeria, Sudan na Congo, na robo fainali ambayo Sudan waliwatoa Algeria kwa mikwaju ya penalti ilichezwa Amaan. Kwa hiyo kijana wa Msambweni aliyetamani kuona mashindano yale kwa macho yake alikuwa karibu zaidi na uwanja wa nchi ya pili kuliko uwanja wa nchi yake.

Wala si Unguja peke yake. Mwezi Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Pemba, katika Uwanja wa Gombani, nalo mwaka huo lilikuwa la timu za taifa. Timu ya Kenya ilikwenda kucheza huko, pamoja na Tanzania Bara na Burkina Faso, na Zanzibar wakashinda kombe. Pemba ndicho kisiwa kinachokabiliana na pwani ya Kwale. Wachezaji wa Kenya walipita juu ya bahari ya watu wa Shimoni ili wakacheze mbele ya watu wa Chake Chake.

Habari za Ukoka

Kwa kuwa nyasi zina nguvu kiasi hicho, yafaa mkulima azijue habari zake, maana katika jambo hili yeye ndiye mwenye elimu kuliko mhandisi.

Mkulima wa Kwale aujua ukoka kwa sababu ni adui yake. Leo huung'oa katika shamba la mihogo, na baada ya mvua mbili umerudi, kwa maana una mashina yatambaayo juu ya udongo na mengine yapitayo chini yake. Basi nyasi hiyo hiyo, ikichaguliwa aina zake bora na kulelewa, ndiyo itumikayo katika viwanja vingi vya nchi za joto duniani. Sifa imwudhiyo mkulima ndiyo imfaayo mchezaji: njumu zikiukata, ukoka hutambaa ukaziba jeraha lake wenyewe.

Hata hivyo una masharti. Hauvumilii kivuli, kwa hiyo paa kubwa la jukwaa lililo mahali pabaya huudhoofisha. Hautaki maji yatuame, kwa hiyo chini ya udongo hutandikwa kokoto na mchanga ili maji yashuke upesi, na katikati ya kiwanja huinuliwa kidogo ili mvua ikimbilie pembeni. Hautaki udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa kama sakafu, kwa hiyo hutobolewa matundu mara kwa mara upate hewa. Wataka kukatwa mara nyingi na kidogo kidogo, kupewa mbolea kwa wakati, na kunyweshwa maji wakati wa kiangazi. Zaidi ya yote wataka mapumziko, kama shamba lilalo mwaka likapata nguvu.

Basi mtu atafakari gharama ya kazi nyingi. Gwaride la askari 1,000 wenye viatu vizito, jukwaa la wakubwa lililoteremshwa kwa lori, na mahema yaliyochimbiwa vigingi, hayo yote yaweza kuharibu kwa siku moja ukoka uliolelewa kwa mwaka. Hii si sababu ya kukataza sherehe. Ni sababu ya kuandika mapema, katika hesabu ya sherehe yenyewe, fedha za kuuponya uwanja baada ya wageni kuondoka. Mwenye karamu huhesabu pia gharama ya kuosha sufuria.

Jirani wa Kaskazini

Haifai kusifu ng'ambo pasipo kutazama karibu. Ng'ambo ya kivuko cha Likoni upo mji wa Mombasa, wenye historia ya michezo isiyo haba. Mombasa Sports Club ilianzishwa mwaka 1896. Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, haikupita miaka mitatu kabla ya klabu ya Pwani kuishinda: mwaka 1965 mabingwa walikuwa Feisal wa Mombasa. Miaka hiyo jina la Pwani katika kandanda lilitajwa kwa heshima nchini kote.

Mji huo una Uwanja wa Manispaa, ambao kwa miaka mingi ndio ulikuwa mahali pa mechi kubwa. Ukafungwa ili ujengwe upya, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini kazi ikachukua muda mrefu kuliko watu walivyotazamia, miaka ikafuatana, na vijana wakakua pasipo kuingia ndani yake. Klabu ya Bandari ikawa yacheza Mbaraki. Mwaka 2019 Bandari walitwaa kombe la taifa na kupata haki ya kuiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilikuwa furaha kubwa kwa Pwani nzima. Lakini uwanja uliokubalika haukuwapo Pwani, na mechi za nyumbani zikachezwa Kasarani, mwendo wa karibu kilomita 480 kwa barabara. Waliomudu nauli ya kwenda kuwashangilia walikuwa wachache.

Kuvunja ukuta wa zamani ni kazi ya siku chache. Tena mtu huonekana shujaa anapovunja, kwa kuwa kishindo chasikika mbali na vumbi laonekana. Kazi ya kujenga, na zaidi ya hiyo kazi ya kutunza, haina kishindo. Ndiyo maana yapata wachache wa kuisifu.

Ulizo la Haki

Wapo watu wasemao kwamba mambo haya yote ni anasa. Katika Kinango ng'ombe wamekufa kwa ukame, na akina mama huchukua madumu mwendo wa mbali kutafuta maji. Je, ni haki kutaja ukoka na njia za riadha mahali ambapo mtu hana maji ya kunywa?

Ulizo hili ni la haki, wala haliwezi kujibiwa kwa mzaha. Kama fedha zingalikuwa bado mkononi, pengine jibu la mwenye kiu lingalishinda, na asiyeona hivyo hajapata kulala na kiu. Lakini uwanja umekwisha kujengwa. Maji yaliyoweza kununuliwa kwa fedha zile hayatarudi kwa kuuacha uwanja uoze. Ukiachwa, watu watakuwa wamepoteza mara mbili: kwanza fedha, kisha uwanja wenyewe. Na wahenga walikwisha sema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiasi kidogo kila mwaka ni rahisi kuliko kiasi kikubwa baada ya miaka 20, kama Amaan ulivyoonyesha.

Tena uwanja una faida isiyo ya mchezo tu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kwale ina watu 866,820, na sehemu kubwa yao ni watoto na vijana. Kijana aliyemaliza shule, asiye na kazi wala shamba, ataitumia jioni yake mahali fulani. Kama si uwanjani, patakuwa mahali pengine, na katika Pwani Kusini wazazi wapajua mahali hapo pengine pasipo kutajiwa.

Kazi ya Kwale

Kwa habari ya madaraka, sheria iko wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kazi za michezo na mahali pa michezo, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo mtu wa Kwale akitaka kujua uwanja watunzwa na nani, hana haja ya kuandika barua Nairobi. Yaliyo chini ya Kaunti yako karibu, na mwananchi ana haki ya kuhudhuria mkutano wa makadirio ya fedha akauliza: mwaka huu fungu la kutunza uwanja ni kiasi gani, na la mwaka jana lilitumikaje?

Kutokana na mifano ya majirani, mambo manne yaonekana kuwa ya lazima. La kwanza ni fungu la kila mwaka la matunzo, lililoandikwa mbali na fungu la ujenzi, kwa sababu yakichanganywa ujenzi hula yote. La pili ni mtu mmoja mwenye ujuzi wa nyasi, aajiriwe kwa kazi hiyo, aitwe kwa jina lake na kuulizwa habari zake. Katika kaunti ya wakulima mtu wa namna hiyo hakosekani. La tatu ni ratiba iliyobandikwa langoni, yenye siku za shule, siku za vilabu, siku za wasichana, siku za sherehe, na siku za mapumziko ya nyasi. Palipo na ratiba mtoto wa shule ya msingi huwa na haki yake, na pasipo ratiba haki huwa ya mwenye kujuana na bawabu. La nne ni kuvihifadhi viwanja vidogo vya vijijini, kwa maana mchezaji hazaliwi katika uwanja mkubwa.

Jambo hilo la nne lataka kusisitizwa. Uwanja mmoja mjini Kwale hauwezi kumfaa kila siku mtoto wa Vanga wala wa Samburu. Yeye hutegemea kile kiwanja cha shule au cha kijiji, chenye magoli ya miti na mbuzi wanaolisha asubuhi. Ardhi ya Pwani ni ghali, hasa upande wa Diani ambako mahoteli yamejengwa, na ardhi ya wazi isiyo na hati yaweza kuitwa ya bure. Yawafaa wazee wa vijiji na kamati za shule kuhakikisha kwamba viwanja hivyo vimepimwa na kuandikwa kwa jina la umma wakati bado viko wazi. Kiwanja kikishazungushiwa ua, kukirudisha ni kesi ya miaka.

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja heshima ya kuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Si lazima mechi za mashindano kama hayo zifike Kwale. Lakini mkimbiaji atakayeshinda miaka kumi ijayo, na mlinda lango atakayesimama siku moja Kasarani au Amaan, huenda sasa yuko darasa la tatu mahali fulani baina ya Likoni na Lungalunga. Anachohitaji ni mahali sawa pa kukimbilia, palipo wazi siku ya Jumanne ya kawaida, wakati hapana Rais, hapana gwaride, wala hapana mpiga picha.

Zamani katika uwanja wa nyumba hakuna aliyengojea mgeni ndipo afagie. Ufagio ulitoka kila alfajiri, na kwa hiyo mgeni alipokuja ghafula alikuta mahali ni safi. Uwanja wa Kwale umekwisha pokea mgeni mkubwa, na sasa ni zamu ya wenyeji kuufagia.